Vumbi la Mita Mia na Sita

Karatasi ile ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo Wamboi aliiona kila alipotoa kikombe. Aliyeibandika ni mjukuu wake, Tabby. Ilieleza mtu anatakiwa awe na nini ndipo chuo kikuu kimpokee kusomea digrii ya pili ya jiolojia, na ilikuwa na mambo matano.

Wamboi alikuwa ameyasoma mpaka akayajua kama Sala ya Bwana. Vyeti vya shule na chuo vilivyopigwa muhuri. Watu wawili wa kumdhamini. Pendekezo la utafiti. Hayo matatu Tabby alikuwa ameyamaliza na kuyatia tiki. Yaliyobaki ni mawili. Moja lilisema mwombaji awe na daraja la pili la juu katika digrii ya kwanza, na kama ana daraja la pili la chini, basi alete uthibitisho wa kazi ya miaka miwili inayohusu somo hilo. Lingine lilidai barua ya mhadhiri aliyekubali kumsimamia. Chini kabisa kulikuwa na tarehe ya mwisho, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Tabby alikuwa na daraja la pili la chini. Wamboi alijua sababu, ila fomu haikuwa na mahali pa kuiandika. Tabby alipokuwa mwaka wa tatu, mama yake, ambaye ni binti wa Wamboi, aliugua miezi minane kabla ya kufariki. Msichana alisomea kwenye benchi la wodi, daftari juu ya magoti. Nesi mmoja, ambaye hata jina hawakuwahi kulijua, alikuwa akimwachia taa ya korido ikiwaka. Mitihani aliipita, lakini hakuipita kama alivyokuwa akipita zamani.

Alipomaliza chuo alipata kazi kwa Ngigi, mchimba visima wa Kiganjo, mwenye mashine moja iliyofungwa juu ya lori kuukuu. Mashine hiyo hutoboa mwamba na kuutapika nje ukiwa vipande vidogo na vumbi. Desturi ya wachimbaji ni kwamba kila baada ya mita mbili wanachota kinachotoka na kukimwaga chini kichungu kimoja, halafu kingine kando yake, hadi kunakuwa na mstari mrefu wa vichungu. Mwenye shamba anapitishwa hapo akaone pesa zake zimefika wapi. Kazi ikiisha, vyote vinafagiliwa mtaroni.

Tabby ndiye aliyekuwa akiandika katika daftari rangi na ugumu wa kila kichungu. Mwaka wa pili akaanza kuchota kiganja kimoja kwa kila kichungu na kukibeba nyumbani. Vijana wa mashine walimcheka, wakamwita Mama Kokoto. Ngigi hakucheka. Siku moja alipita nyumbani kwao Makongeni akamwachia Wamboi jora zima la kitambaa cha marekani, akasema, "Mami, mshonee huyu vifuko. Anaharibu soksi zake." Wamboi akashona vifuko mia tatu kwa cherehani yake ya zamani, kila kimoja na kamba yake ya kufungia.

Hivyo vifuko ndivyo vilivyomfikisha Tabby kwa Profesa Kitonga. Profesa huyo alikuwa amechunguza maji ya chini ya ardhi ya Thika na Ruiru kwa miaka mingi. Alitaka kujua kwa nini kisima kimoja kinatoa maji matamu na cha jirani, hatua hamsini tu, kinatoa maji ya kuchafua meno ya watoto. Na kwa nini kila mwaka watu wanazidi kuchimba ndani zaidi ndipo wayapate. Tabby alimwandikia barua pepe akamtumia picha ya vifuko. Wamboi alidhani mtu mkubwa kama huyo hatajibu. Alijibu siku ya pili, barua ndefu yenye maswali kumi na moja, na mwisho akauliza ni nani aliyeshona vifuko vizuri hivyo.

Sasa profesa alikuwa amepasuliwa goti, yuko nyumbani kwake Membley, na wanafunzi walimfuata huko siku za Jumamosi. Alimwambia Tabby amletee kisima kimoja kizima, kutoka juu mpaka chini. "Nikiona kazi yako ndipo nitaamua kama nitaweka sahihi," aliandika. Tabby akachagua kisima cha tatu cha Kiganjo. Kilikuwa na mita mia moja na sitini, vifuko themanini, vilivyojaa katoni sita chini ya kitanda chake.

Jumanne asubuhi Tabby alikwenda Ruiru na mashine ya Ngigi, kazi ya siku tatu. Wamboi alipofagia chumba aliona katoni iliyokuwa mbele imetoa vumbi jekundu sakafuni. Kitambaa cha marekani kinapitisha. Akaivuta nje, akafungua kifuko kimoja, akaona mawe meusi, ya kijivu na meupe, yote yamechanganyika na kufunikwa na vumbi.

Akajiambia kwamba mtu haendi kwa mwalimu na vitu vichafu.

Wamboi alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kinu cha kahawa hapo Thika, kwenye meza ya kuchambua, kabla ya kuja mashine zenye macho. Mikono yake bado ilikumbuka. Aliketi dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani aliyopewa na madaktari waliokuja kanisani, akachukua ungo. Kila kifuko alikipepeta hadi mawe yakang'aa, halafu akayatenga kwa rangi, punje kwa punje, na kila rangi akaifunga katika kipande cha gazeti. Tiketi ya kifuko, ile kadi ndogo yenye nambari ya mita, aliirudisha palepale ilipotoka. Hakuchanganya kifuko hiki na kile hata mara moja, kwa maana katika kinu mtu aliyechanganya magunia alionyeshwa lango. Siku tatu zilimtosha kumaliza katoni moja, vifuko kumi na vinne. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa na furaha.

Tabby alirudi Alhamisi jioni, matope hadi magotini.

"Shosh, nani amefungua hii katoni?"

"Ni mimi. Nimekusafishia. Hebu ona."

Tabby alichukua kifuko cha mita mia na sita. Ndani alikuta vifurushi vinne vya gazeti. Alivifungua kimoja kimoja, halafu akakigeuza kifuko, akakikung'uta juu ya kiganja. Hakikutoka kitu.

"Vumbi iko wapi?"

"Vumbi gani?"

"Ile ilikuwa ndani, Shosh."

"Nilipepeta. Si ungemchafulia profesa wa watu meza?"

"Ukaimwaga wapi?"

"Kwa dania, hapo nyuma."

Tabby aliketi sakafuni. Hakupiga kelele. Wamboi alitamani angepiga.

"Shosho," alisema baadaye, polepole, "mawe ni rahisi. Mawe yako kila mahali. Hiyo vumbi ndiyo nilikuwa naitaka. Zamani sana volkano ilimwaga jiwe, ikapoa, ikakaa miaka mpaka juu yake kukawa na udongo. Mvua ikanyesha, nyasi ikamea. Halafu volkano ikamwaga jiwe lingine juu yake. Huo udongo wa katikati ndio unakaa na maji, na ndio unafanya yawe matamu ama mabaya. Prof ameutafuta miaka mingi. Kwa Kiganjo tatu uko kwa hii katoni. Hii tu."

"Ngai," alisema Wamboi.

"Ulidhani unanisaidia. Najua."

Aliinuka akaenda kuoga. Wamboi alibaki na ungo mapajani. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuharibu gunia la mtu, na sasa alikuwa ameharibu la mtoto wake.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, alitoka nyuma kuanika nguo akamkuta Tabby amechuchumaa kwenye bustani ya dania na kijiko na kikombe. Alikuwa akikwangua udongo wa juu, mwekundu, akiutia kikombeni.

"Unafanya nini, kairitu?"

"Si uko hapa? Ulimwagwa hapa, uko hapa. Ona rangi, ni moja."

"Udongo wa Thika wote ni rangi hiyo."

"Ndiyo nasema! Nani atajua? Nitaweka kijiko kimoja kwa kila kifuko. Prof ataona vumbi jekundu, ataweka sahihi, hiyo ingine nitarekebisha baadaye nikiwa ndani."

Wamboi aliweka beseni chini. "Kwa kinu," alisema, "kahawa ikianguka sakafuni hairudi guniani."

"Shosh, tafadhali, sio sasa."

"Hata kama umeiona ikianguka kwa macho yako. Hata kama ni punje tatu. Inafagiwa, inatiwa gunia lake, na tiketi yake imeandikwa Fagio. Ikishagusa chini, hakuna anayejua imeokota nini."

Tabby aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba. "Na ni nani aliimwaga chini?"

Swali hilo liliingia mahali pake.

"Ni mimi," alisema Wamboi.

Aliokota beseni akaanika nguo zote, na alipogeuka Tabby alikuwa ameingia ndani na kikombe chake. Mchana kutwa alijifungia chumbani na katoni. Wamboi alisikia karatasi zikichakarishwa, kamba zikifungwa. Saa kumi alimpelekea chai na viazi vitamu, akaviweka mlangoni, akabisha mara moja na kuondoka. Alipopita tena, kikombe cha chai kilikuwa kimerudishwa kitupu, kimeoshwa. Kando yake palikuwa na kile kijiko, bado na udongo mwekundu. Wamboi alikiosha.

Jumamosi Ngigi mwenyewe alikuja na pikapu yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Mami, wewe keti mbele. Mama Kokoto atakaa nyuma na mawe yake, wamezoeana."

"Umeandika ile barua ya kazi?" Tabby alimuuliza.

"Nimeandika. Tena kwa mkono wangu." Aliitoa mfukoni akaisoma kwa sauti, mkono mmoja ukishika usukani. "Kwa yeyote anayehusika. Tabby ni mfanyakazi mzuri. Haringi. Hajawahi kuchelewa ila siku ya mvua kubwa. Mungu awabariki. Ngigi."

"Hiyo ni barua ama ni salamu za redio?" alisema Tabby. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Wamboi alimsikia akicheka kidogo. Lakini alipomwangalia kwenye kioo, aliona ameishika ile katoni iliyopepetwa, ya nne, kwa mikono miwili, na uso wake umefungwa.

Wamboi alikuwa amekata shauri kwenda ili akiri kosa lake mwenyewe. Jambo ambalo hakulijua ni kilichokuwa ndani ya vifuko. Kama Tabby alikuwa ametia udongo wa bustani, je, yeye angesema? Angemwaibisha mtoto mbele ya mtu aliyeshika maisha yake? Na akinyamaza, angeenda vipi kanisani kesho? Safari nzima hadi Membley aliligeuzageuza jambo hilo, na walipofika langoni alikuwa bado hajapata jibu. Mlinzi aliandika majina yao, kisha akaacha kibanda chake akawasaidia kubeba katoni mbili.

Profesa Kitonga alikuwa ameketi barazani, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi, na kwenye meza yake kulikuwa na sahani nyeupe, kikombe cha maji na kioo cha kukuzia. Alipomwona Wamboi alishika fimbo akasimama, ingawa goti lilimkatalia, na hakuketi mpaka Wamboi alipoketi.

"Huyu ndiye wa vifuko," alisema. "Kwetu Ukambani nyanya kama wewe tunamwita Susu. Karibu sana."

Akamgeukia Ngigi, akasoma barua yake, akakohoa. "Ndugu yangu, ni barua nzuri, lakini kamati haitaielewa. Chukua kalamu. Andika ulimwajiri lini, alifanya kazi gani, na visima vingapi."

"Vyote?"

"Vyote."

Ngigi alienda mwisho wa baraza na karatasi mpya, akaanza kuhesabu visima kwa vidole, akitaja wenye mashamba kwa majina.

Profesa alianza na katoni ya kwanza. Hakuwa na haraka. Alimwaga kidogo kwenye sahani, akaangalia kwa kioo, halafu akachovya kidole katika vumbi, akalitia kinywani na kulisaga kwa meno ya mbele. Wamboi alishtuka.

"Haiya! Kama mwanamke mwenye mimba na jiwe lake la odowa."

Profesa alicheka mpaka akashika goti. "Ni hivyohivyo, Susu. Ikikwaruza meno ni mchanga. Ikiteleza ni udongo wa mfinyanzi. Hakuna mashine inayonijulisha haraka kama meno."

Katoni ya pili, ya tatu. Alikuwa akimuuliza Tabby maswali, na Tabby akijibu bila kutazama daftari. Wamboi hakuelewa yote, lakini alielewa jinsi profesa alivyoitikia kwa kichwa, kama msimamizi wa kinu anayepita mezani asione pa kunyoosha kidole. Kisha akanyoosha mkono kwa katoni ya nne.

Wamboi alifungua kinywa, na hakujua ni neno gani lingetoka.

"Prof, kabla hujafungua," alisema Tabby. "Hii haina vumbi. Mita themanini na sita hadi mia na kumi na mbili. Vifuko kumi na vinne vilipepetwa nyumbani. Kwa makosa."

"Nilipepeta mimi," alisema Wamboi. "Yeye alikuwa kazini. Nilitaka viwe safi."

Profesa aliurudisha mkono wake. Mwisho wa baraza, Ngigi aliacha kuhesabu.

"Vumbi lilikwenda wapi?"

Tabby alitoa kifuko kimoja cha marekani kilichokuwa kimelazwa peke yake juu ya vingine, akakiweka mezani. Tiketi yake haikuwa na nambari ya mita. Iliandikwa kwa kalamu nyeusi: FAGIO. BUSTANI YA DANIA, MAKONGENI.

"Liko hapa, limechanganyika na udongo wa bustani. Jana nilitaka kulirudisha kwa vifuko. Nilikuwa nimeshafungua vya kwanza vitatu." Alikisogeza kifuko mbele kidogo. "Sikulirudisha."

Wamboi alitazama kile kifuko, na macho yakamjaa maji. Akajifanya anafuta miwani.

"Fagio?" aliuliza profesa.

Wamboi ndiye aliyemweleza habari za kinu, na kwa nini iliyoanguka haichanganywi na isiyoanguka. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua kifuko cha mita mia na sita, akapanga vile vifurushi vinne juu ya sahani, akaviangalia kwa kioo. Aliendelea kuangalia hadi chai iliyoletwa ikapoa.

"Susu, unakumbuka ulivyopepeta?"

"Nakumbuka."

"Vumbi la vifuko hivi lilikuwa sawa lote?"

"Sawa? La. Lingekuwaje sawa?" Alishangaa kwamba mtu aliyesoma anauliza hivyo. "Vya kwanza, themanini na sita na kuendelea, vumbi lilikuwa jeusijeusi, jepesi, mpepeto mmoja limekwisha. Likaenda hivyo hadi mia moja. Mia na mbili likaanza wekundu. Mia na nne jekundu kabisa. Mia na sita ndicho kilichonichosha, kilikuwa vumbi zaidi ya mawe, nilipepeta mara tatu na bado liling'ang'ania vidole kama unga wa ugali. Mia na nane likawa jeupejeupe kama majivu. Mbele ya hapo likarudi jeusi."

Profesa alimgeukia Tabby. "Daftari lako la siku ya kuchimba."

Tabby alilifungua na kumpa. Profesa alisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Wekundu, mia na mbili. Mwekundu, unanata, mia na nne na mia na sita. Majivu, mia na nane. Akalifunga.

"Umewahi kumsomea?"

"Hapana, Prof. Nimeandika kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho."

"Hmm." Alikunywa chai baridi bila kulalamika. "Sasa nisikilizeni. Kumbukumbu si sampuli. Siwezi kuipima fluoridi, ile chumvi inayochafua meno. Vumbi limekwenda na halirudi, na kisima hiki hakiwezi kuwa kizima tena. Hilo ni hasara, na sitasema si hasara."

Wamboi aliinamisha kichwa.

"Lakini nitawaambia jambo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa. Alipungukiwa na vipimo vitatu, akavibuni. Nilichora ramani juu ya vipimo hivyo. Shule moja upande wa Yatta ikafanya harambee, ikachimba mita mia mbili mahali ramani yangu iliposema. Walipata upepo. Watoto wale bado wanabeba mitungi." Aligusa kifuko cha Fagio kwa ncha ya kidole. "Mtu wa daraja la chini naweza kumfundisha. Mtu wa kujaza mapengo simwezi."

"Kwa hivyo, Prof?" Tabby alinong'ona.

"Kwa hivyo utaandika upya ukurasa wa sampuli. Useme vifuko kumi na vinne havina vumbi, na kwa nini. Mawe yaliyotengwa kwa rangi tutayatumia. Nilikuwa nikupe kazi hiyo mwezi wako wa kwanza chuoni, nayo imefanywa vizuri kuliko ambavyo ungeifanya. Uandike pia ni nani aliyeitenga. Halafu unipatie mita hizohizo kutoka kisima kingine cha karibu. Bila hiyo hakuna utafiti."

"Tunachimba cha nne mwezi ujao!" Ngigi aliita kutoka mwisho wa baraza. "Ni plot ya pili kutoka pale. Nikifika mita themanini nitasimamisha mashine mpaka afike, hata mwenye shamba anune."

"Andika hilo pia katika barua," alisema profesa, kisha akavuta fomu, akatafuta mahali pa mhadhiri, akaweka sahihi. Aliiandika polepole, kila herufi. Wamboi aliziona zote.

Jumatatu yake Tabby aliandika upya ule ukurasa, na Jumanne wakapeleka makaratasi kwa Calvince, mwenye saiba, duka la kompyuta na nakala, hapo Makongeni. Alipoona sahihi ya profesa imekatika pembeni kwenye nakala, alirudia kazi mara tatu, akatoza ya mara moja. Barua ya Ngigi sasa ilikuwa na tarehe, miaka minne na visima arobaini na kimoja, ingawa mwishoni alikuwa amekataa katakata kuondoa maneno Mungu awabariki.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba, asubuhi, Wamboi akiwa kwenye bustani yake ya dania. Tabby alitoka na simu mkononi, mswaki mdomoni. Kamati ilikuwa imempokea, kwa sharti la sampuli mpya, chini ya Profesa Kitonga.

"Zile za Kiganjo nne?" Wamboi aliuliza. "Si ziko chini ya kitanda?"

"Ziko. Nitazipeleka Jumatatu." Alimkumbatia, dawa ya meno ikamwingia Wamboi kwenye kitambaa cha kichwa. "Shosh, kuja nikusomee kitu."

Alimsomea ule ukurasa wa sampuli kutoka kwenye simu, akiutafsiri. Vifuko namba arobaini na tatu hadi hamsini na sita vilipepetwa, vumbi halipo. Mawe yalitengwa kwa mkono kwa rangi na Bi. Wamboi, mchambuzi wa kahawa mstaafu, Makongeni. Wamboi aliomba asomewe mara ya pili, na Tabby akasoma kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tabby alipoondoka kwenda kazini, Wamboi aliingia chumbani mwake kufagia. Katoni mpya ilikuwa chini ya kitanda, na juu yake kumebandikwa karatasi yenye herufi kubwa ambazo hata bila miwani zilisomeka: SHOSHO, HIZI NI CHAFU, NA ZINATAKIWA KUWA CHAFU.

Alicheka peke yake. Aliweka ufagio kando, akaenda kabatini akatoa leso safi, akaifunika katoni pande zote nne na kuichomeka vizuri kwenye pembe. Ndipo akafagia, polepole, akielekeza vumbi la nyumba upande wa mlango, lisije likachanganyika na la mita mia na sita.